Uzito wa kilo na uzito wa mkononi

Mkulima anayejua kazi akifika Soko la Majengo, Dodoma, kununua jembe lililokwisha tiwa mpini, haulizi lina kilo ngapi. Analishika karibu na mwisho wa mpini, analinyanyua kidogo, analitikisa mara mbili tatu, kisha anaamua: hili zito, hili linakwenda. Mizani inaweza kuonyesha kilo zilezile kwa yote mawili, na bado yuko sahihi.

Anachopima ni uzito wa mkononi, yaani jinsi kifaa kinavyoulemea mkono unapokishika na kukizungusha. Kilo zimo, ila swali kubwa ni zimekaa wapi. Kila kifaa kina kitovu cha uzito: ukikilaza juu ya kidole, pale kinapotulia bila kuinama upande wowote ndipo kilipo. Kwa jembe kitovu kiko karibu na chuma, mbali na kiganja, kwa hiyo kifundo cha mkono kinafanya kazi muda wote kulizuia lisiiname.

Tuseme chuma kina kilo 1.5 na mpini una mita 1. Uzito wa mpini tuuache kwa sasa. Ukihamisha mkono kutoka mwisho wa mpini hadi katikati, nguvu ya chuma kuinamisha mkono inapungua nusu. Ukilitikisa, nafuu ni kubwa zaidi: ugumu wa kuligeuza unashuka hadi robo, kwa sababu huo hufuata kipeo cha pili cha umbali, yaani umbali mara umbali. Wanafizikia wanauita momenti ya inesha. Ndiyo maana mtu akichoka shambani, mkono wa mbele unapanda kuelekea kwenye chuma wenyewe, bila kuambiwa.

Na mkono hupata habari nyingi kwa kutikisa tu. Michael Turvey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, waliwapa watu fimbo wasizoweza kuziona, wakazipunga, wakakadiria zinafika wapi. Walikaribia ukweli, kwa kuongozwa na jinsi fimbo ilivyokataa kugeuzwa.

Macho nayo huingilia. Mwaka 1891 daktari Mfaransa Augustin Charpentier alieleza kwamba vitu viwili vya uzito sawa, kimoja kidogo na kingine kikubwa, kile kidogo huonekana kizito zaidi mkononi. Nyanyua kopo lenye kilo moja ya misumari, kisha mfuko wenye kilo moja ya pumba za alizeti. Hata ukivipima mbele ya macho yako, kopo litaendelea kukudanganya. Kichwa kidogo cha nyundo kinachoonekana "kimejaa chuma" huenda hakina kilo nyingi kuliko kile kipana cha jirani yake.

Wauzaji hupenda kusifia kifaa kwa wepesi, na hapo mimi siwafuati. Shoka na jembe la ardhi ngumu vinataka uzito uwe mbele, maana chuma ndicho kinachobeba kishindo. Ukiupunguza, mgongo wako ndio unaofidia. Mkasi wa kupogolea mizabibu ni kinyume chake. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, Dodoma, anakata nao siku nzima, akiugeuza huku na huku kati ya matawi, na hapo uzito unatakiwa ulale ndani ya kiganja. Panga liko katikati: la kufyekea nyasi na la kukatia kuni hayatakiwi kufanana, ingawa wengi wetu tuna moja tu.

Kuna mtego mmoja wakati wa kununua. Mpini wa mti mbichi una maji, kwa hiyo ni mzito, na unavuta kitovu kuja upande wa mkono. Jembe linaonekana limetulia vizuri pale sokoni. Mpini ukikauka, kilo za jumla zinapungua, lakini zinazopungua ni za upande wako, na za chuma zinabaki palepale. Kitovu kinasogea mbele, na jembe ulilolichagua linaanza kuinamia chini. Mti nao husinyaa ukikauka, kwa hiyo chuma kinaanza kucheza kwenye tundu, na itabidi ukigongee kabari.