Kichaa cha mbwa: alichokifanya Pasteur mwaka 1885 na unachotakiwa kufanya leo

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba kwa sababu Louis Pasteur, Mfaransa aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu, alifariki tarehe hiyo mwaka 1895. Kampeni ya chanjo inapokaribia, swali la kwanza la wananchi huwa ni lile lile: je, aliyeng'atwa bado huchomwa sindano 14 za kitovuni? Hazipo. Zilikuwepo wakati chanjo ilipotengenezwa kwa ubongo na uti wa mgongo wa wanyama. Chanjo ya sasa hukuzwa kwenye seli maabara na huchomwa begani. Anayebaki nyumbani na jeraha kwa kuogopa sindano za tumboni anahatarisha maisha yake kwa ajili ya kitu ambacho hospitali zetu hazitumii.

Hata hivyo, hofu hiyo ina historia, na historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini tunasisitiza sana suala la muda.

Pasteur hakuwa daktari. Alikuwa mkemia aliyeanza na fuwele za asidi, akaenda kwenye uchachukaji wa mvinyo na bia, kisha magonjwa ya kuku na kondoo. Alipoanza kuchunguza kichaa cha mbwa alitafuta kijidudu kwenye mate ya wagonjwa asikione, kwa kuwa hadubini za wakati ule hazikuweza kuonyesha virusi. Wengi wangeishia hapo. Yeye aliuliza swali jingine: kama hakionekani, kinakwenda wapi mwilini? Dalili zilielekeza kwenye ubongo. Akiwa na msaidizi wake Émile Roux, alipandikiza ubongo wa mbwa mgonjwa chini ya fuvu la sungura, kisha kutoka sungura huyo kwenda kwa mwingine, mara nyingi, mpaka ikafika hatua sungura wote wanaugua baada ya siku 7 bila kukosea. Akawa na virusi vinavyotabirika ambavyo hakuwahi kuviona kwa macho.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuvidhoofisha. Walining'iniza vipande vya uti wa mgongo wa sungura ndani ya chupa yenye potashi chini, ili hewa iwe kavu. Kila siku ilivyopita, kipande kilipungua makali. Baada ya wiki mbili hivi hakikuweza tena kumwambukiza mnyama.

Tarehe 6 Julai 1885 aliletwa Paris mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, Joseph Meister, aliyeng'atwa siku mbili kabla na akiwa na majeraha 14. Kwa kuwa Pasteur hakuruhusiwa kutibu watu, sindano alichoma Dkt. Jacques Grancher, chini ya ngozi ya tumbo, upande wa kulia. Ya kwanza ilitokana na kipande kilichokaushwa siku 15. Zilizofuata zilitokana na vipande vibichi zaidi na zaidi, hadi ile ya mwisho, tarehe 16, iliyotokana na sungura aliyekufa jana yake. Jumla zilikuwa 13. Mtoto hakuugua.

Kwa nini ilifaa kumchanja mtu ambaye tayari ameumwa? Kwa sababu virusi hivi havisafiri kwa damu. Hupanda polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na mara nyingi dalili huanza baada ya miezi 2 hadi 3, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Chanjo inautumia muda huo kuuandaa mwili. Muda ukiisha, chanjo haina kazi. Novemba mwaka huo huo Pasteur aliletewa Louise Pelletier, mtoto wa miaka 10 aliyeng'atwa kichwani siku 37 kabla. Alijua amechelewa, akamchanja hata hivyo, na mtoto akafariki. Jeraha la kichwa, shingo au mkono liko karibu na ubongo au lina mishipa mingi ya fahamu. Kwa mtu huyo hata kusubiri kesho ni hatari.

Sasa utaratibu. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Pima kwa saa. Watu wengi huosha dakika mbili wakaridhika. Sabuni huyeyusha utando wa mafuta unaovizunguka virusi, kwa hiyo kuosha ni sehemu ya matibabu. Paka iodini au spiriti ukiwa nayo. Mafuta ya taa, pilipili, majivu, kitunguu, manyoya ya mbwa aliyekuuma: vyote hivyo viache kabisa. Jeraha lisishonwe haraka. Likilazimika kushonwa, imunoglobulini (kinga iliyo tayari inayochomwa kwenye jeraha) itangulie.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa ratiba fupi ya Shirika la Afya Duniani, chanjo ya ndani ya ngozi huchomwa sehemu mbili, mililita 0.1 kila sehemu, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Ya kwenye msuli huchomwa siku ya 0, 3, 7 na mara moja kati ya siku ya 14 na 28. Siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza, si siku ya kuumwa. Mtoto wa chini ya miaka 2 huchomwa pajani. Matakoni haichomwi, kwa sababu mafuta ya hapo hupunguza nguvu yake. Chupa ikishafunguliwa kwa ajili ya sindano za ndani ya ngozi hutumika ndani ya saa 6 hadi 8, ndiyo maana unaweza kupangiwa siku moja na wagonjwa wengine. Tafadhali heshimu tarehe hiyo.

Kama ngozi imetoboka au mate yameingia mdomoni, machoni au kwenye kidonda, unahitaji pia imunoglobulini: vipimo 20 vya kimataifa kwa kila kilo ya uzito kwa ile ya binadamu, 40 kwa ile ya farasi, ikiingizwa ndani na kuzunguka jeraha. Baada ya siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza haitolewi tena. Mama mjamzito na mtoto mchanga wanachanjwa kama wengine. Tunarudia hili kwa sababu bado wapo wanaozuiwa na ndugu zao.

Kuhusu mbwa. Afungwe, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10 na ofisa mifugo. Siku hizo 10 ni za mbwa, si za mgonjwa. Chanjo yako inaanza leo, na daktari ndiye atakayeisitisha mbwa akibaki mzima. Msimuue kwa hasira. Akifa, msimzike wala kumchoma, na msiguse kichwa: mwiteni mtaalamu, kwani maabara hupima ubongo. Kwa Tanzania Bara, kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaopaswa kutolewa taarifa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, na Kenya ina sheria mahsusi, Sura ya 365. Mwenye mbwa anayemficha au kumhamisha mnyama aliyemuuma mtu anaweza kushtakiwa, na "sikujua" haitamsaidia.

Mbwa na paka huchanjwa wakifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Ili maambukizi yakatike, angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanatakiwa wawe wamechanjwa, wakiwemo wale wanaozurura ambao kila nyumba husema si wao. Waleteni na hao, wakiwa wamefungwa kamba, na kadi ya chanjo itunzwe: ofisa mifugo ataiomba siku mbwa huyo atakapomuuma mtu.