Theluthi moja ni dari, si tiketi

Kwenye matatu utasikia: "Siku hizi ukitoka kabila dogo unapewa kazi hata bila masomo." Si kweli. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya (2008) inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Basi. Tangazo likidai mhasibu mwenye CPA (cheti cha uhasibu), asiye nacho anakatwa mapema, awe Mkikuyu wa kabila kubwa au Mburji wa kabila dogo. Kabila hutazamwa baadaye, kati ya waliohitimu. Ndiyo, mwenye alama 81 huenda akampisha mwenye 78, na inauma. Ila aliyeingia kwa simu ya mjomba, huyo mbona hatumlalamikii?