Umeambiwa ni "i7"? Uliza ni kizazi cha ngapi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, ofisi yetu ya TEHAMA hapa chuoni huletewa kompyuta mpakato zenye lalamiko lilelile: "Ni i7, lakini nzito." (i7 ni daraja la juu la prosesa za Intel, yaani chipu inayoendesha kompyuta.) Mwanafunzi wa mwisho kunijia na kilio hicho alikuwa amenunua ya mtumba, safi, haina hata mkwaruzo. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika msinfo32. Mstari wa prosesa ukasomeka: i7-4600U.

Hiyo 4 baada ya kistari ndiyo kizazi. Prosesa hiyo ni ya mwaka 2013 na ina kori (viini vya kuchakata kazi) mbili tu, wakati i5-8250U ya mwaka 2017, kizazi cha 8, ina nne. Namba ikianza na 10, 11, 12 au 13, soma tarakimu mbili za mwanzo.

Kizazi kina uzito zaidi sasa kwa sababu Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, inataka kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Mafundi wanajua namna ya kuilazimisha kwenye mashine kuukuu, ila Microsoft haikuhakikishii kwamba masasisho yataendelea kufika.

Halafu kazi yako. Kwa Word, Excel, intaneti na vikao vya Zoom, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 na SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya GB 256 zinatosha. Kwenye diski usibane matumizi: HDD ni sahani inayozunguka huku kichwa kikihangaika kutafuta data, na hapo ndipo kompyuta nyingi zinapokwama wala si kwenye prosesa. Anayechora kwa AutoCAD au kuhariri video aanzie GB 16 na atafute yenye kadi ya michoro. Mwenye steshenari ningemwambia achukue ya mezani na UPS, kifaa cha betri kinachoishikilia umeme ukikatika. Kibodi ikifa ananunua nyingine, kazi inaendelea.

Usidanganywe na boksi jipya pia. Zipo mpya za bei ya chini zenye prosesa ya Celeron (daraja la chini la Intel), RAM GB 4 na hifadhi ya eMMC (chipu ndogo ya kuhifadhia) GB 64. Windows peke yake inameza sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na mara nyingi RAM imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki. Kati ya hiyo na mtumba wa kizazi cha 8, mimi nachukua mtumba.

Ila mtumba ukaguliwe kabla ya kulipa. Iwashe upya uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi kabla ya Windows kuwaka: zilizotoka maofisini ng'ambo wakati mwingine zimefungwa kwa nywila ambayo hata muuzaji haijui. Kisha fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport. Ripoti itakupa uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na kiasi inachojaa leo. Ikiwa kimeshuka chini ya nusu, punguziwa bei au ondoka.

Yule mwanafunzi, muuzaji alikataa kumrudishia hela. Tulimwekea SSD, na sasa inawaka haraka. Bado iko kwenye Windows 10.