Moyo kudunda hovyo sio ugonjwa wa ukoo peke yake

Huku Dodoma watu wengi wanaamini moyo kudunda hovyo ni wa kurithi tu, yaani kama kwenu hakuna aliyeugua we uko salama, na kama baba alikuwa nao basi ndo imeshaandikwa. Jamani sio hivyo. Chukua etriali fibrilesheni, aina mojawapo ya moyo kudunda hovyo ambapo vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka bila mpangilio, jeni zinachangia kweli, mwaka 2007 watafiti wa Iceland walikuta sehemu ya kromosomu ya 4 karibu na jeni ya PITX2 inayoongeza hatari, ila inaongeza tu, haihukumu mtu. Madaktari wakikadiria nani ataupata wanaangalia pia umri, uzito, presha, sigara, kisukari, kama moyo ulishawahi kufeli, na umri peke yake una nguvu kubwa sana. Tena alama nyingi za jeni, yaani hesabu za kukadiria hatari ya mtu kutokana na jeni zake, zimetengenezwa kwa data za Wazungu, kwa Mgogo wa Chamwino zinakadiria vibaya zaidi, hili linaniuma. Kwahiyo yule mzee mwenye presha aliyeacha dawa eti "kwetu hatuna moyo", mpelekeni akapimwe presha na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), maana etriali fibrilesheni inaongeza hatari ya kiharusi kama mara 5 na wengine hawasikii dalili yoyote.