“Kwa hiyo umeshindwa udaktari?” Dhana potofu kuhusu kuhamia meno ukiwa umekaribia kumaliza chuo

Mama alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza taratibu: “Kwa hiyo umeshindwa udaktari?” Ilikuwa Agosti, nimekaa kwenye ngazi za bweni, naingia mwaka wa nne wa chuo hapa Marekani. Nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba siombi tena shule ya udaktari wa binadamu, naomba ya meno. Leo nipo mwaka wa tatu wa shule hiyo, na kila msimu wa maombi ukifika wadogo zetu wa Kitanzania na Kikenya walioko vyuoni huku wananipigia na maswali yaleyale. Nayajibu hapa ili na wazazi wao wayasome.

Kwanza kuna jambo ambalo wa nyumbani hawaambiwi. Kwetu ukimaliza kidato cha sita unachagua hapohapo: pale Muhimbili unaingia udaktari wa binadamu, au unaingia udaktari wa meno kwa miaka mitano. Huku sivyo. Unasoma kwanza shahada ya miaka minne, ya fani yoyote, ndipo unaomba shule ya udaktari au ya meno, ambayo nayo kwa kawaida ni miaka minne mingine. “Pre-med” wala si shahada. Ni nia uliyonayo ya kusomea udaktari, pamoja na orodha ya masomo. Kwa hiyo mtoto anayehama mwaka wa nne hajaacha udaktari katikati, maana hata hajauanza.

“Masomo yote hayo yamekwenda bure”

Hayakwenda. Biolojia, kemia ya jumla, kemia ogania, fizikia na, kwa shule nyingi, baiokemia, yote yanatakiwa pande zote mbili. Mimi sikurudia hata moja. Zipo shule za meno zinazotaka pia mikrobiolojia, anatomia au fiziolojia, kwa hiyo soma masharti ya kila shule unayoitaka kabla hujajisajili masomo ya muhula wa mwisho.

“Ukishajiandaa kwa MCAT, na DAT umeimaliza”

Hapa wengi wanaumia. MCAT ni mtihani wa kuombea shule ya udaktari. Shule za meno zinataka mtihani wao, DAT. Ni kweli biolojia na kemia zinafanana, na ukitoka kwenye MCAT hutaziogopa. Fizikia haimo, saikolojia haimo. Ila kuna sehemu ambayo hakuna somo la chuo linalokufundisha: ya kupima jicho lako linavyoona maumbo. Maswali 90 kwa dakika 60. Unaonyeshwa pembe nne zinazokaribiana sana uzipange kuanzia ndogo. Unaonyeshwa karatasi iliyokunjwa ikatobolewa, useme matundu yatakuwa wapi ikikunjuliwa. Unaonyeshwa boksi lililofunuliwa, ulikunje kichwani.

Mara ya kwanza nilipata kama theluthi tu. Nikachukua maboksi ya sabuni, nikayakata kwenye mikunjo, nikayachora alama za kalamu na kuyakunja tena mezani usiku baada ya usiku, mpaka siku moja nikaona naweza bila kushika boksi. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia “mimi sina mkono wa meno” wakati hajajaribu hata wiki mbili. Jicho hufundishika, na mkono pia. Darasani kwetu tulianza wote kwa kutoboa meno ya plastiki kwenye vichwa vya sanamu, na magego yetu ya kwanza yalikuwa mabaya kwa kila mtu.

Jambo moja dogo: tangu Machi 2025 alama za DAT zinatolewa kwa kipimo cha 200 hadi 600. Kaka au dada akikwambia alipata 21, anazungumzia kipimo cha zamani kilichoishia 30. Usijipime nacho.

“Meno ni kwa waliokosa udaktari”

Hili ndilo lililomuuma mama, na ndilo linalowaangusha waombaji wenyewe, kwa sababu baadhi yao wanaliamini. Kila mwaka wanaopata nafasi shule za meno ni karibu nusu tu ya walioomba. Wastani wa GPA (alama za jumla za chuo, ambazo huku mwisho ni 4) ya wanaoingia ni kama 3.6, kwa udaktari wa binadamu unakaribia 3.8. Tofauti ipo, siifichi. Lakini aliyekwama kwenye kemia ogania hatakombolewa na kubadilisha jina la shule.

Halafu kuna usaili. Kila niliposailiwa, swali la mapema lilikuwa hilohilo: mbona si udaktari? Wameona kwenye faili miaka mitatu ya kujitolea hospitalini na saa chache tu za meno. Jibu la “nataka muda na familia” wamelisikia mara nyingi, na halitoshi.

Langu lilitoka kwenye kliniki ya kaunti ambako daktari mmoja aliniruhusu nisimame pembeni nitazame. Aliingia mzee wa makamo, shavu limevimba, hajalala vizuri kwa wiki tatu, analaza kichwa upande mmoja kama anabeba kitu. Akachomwa ganzi, usaha ukatolewa, jino likang'olewa. Baada ya dakika arobaini alikaa, akagusa shavu kwa vidole viwili, akasema anaona njaa. Hospitalini nilikuwa nasukuma vitanda vya wagonjwa ambao wiki iliyofuata sikujua waliishia wapi. Hapa daktari mmoja alisikiliza, akapima, akatenda kwa mikono yake, na akaona matokeo kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Hicho ndicho nilichokitaka, na nilipokisema hivyo nilieleweka. Insha ya maombi ina nafasi ya herufi 4,500 tu, pamoja na nafasi tupu kati ya maneno. Usimalize hata mia kuusema vibaya udaktari uliouacha.

“Daktari wa meno si daktari kamili”

Kwenye kiti changu, kabla sijagusa jino, nakupima presha, nauliza dawa unazotumia, nainua ulimi na kupapasa shingo kutafuta dalili za saratani. Fizi zinazovuja damu na kisukari vinachocheana. Pale Harvard wanafunzi wa meno husoma masomo ya mwanzo pamoja na wa udaktari. Na kwa anayependa upasuaji, baadhi ya mafunzo ya upasuaji wa mdomo na taya huchukua miaka sita na humpa shahada ya udaktari wa binadamu humohumo.

Wanaodhani mdomo ni kitu cha pembeni wakumbuke kwamba kwetu bado wapo watoto wachanga wanaochimbwa fizi kwa vyuma visivyo safi, eti wana “meno ya plastiki” yanayoleta homa na kuharisha. Kinachochimbwa ni chipukizi la chonge lake mwenyewe, na mtoto anaweza kufa kwa hilo. Nilipomweleza mama alikaa kimya tena, kisha akanitajia mtoto wa jirani yetu. Tangu siku hiyo hajaniuliza kama nimeshindwa.

“Lazima uombe mwaka huuhuu”

Fomu ya pamoja ya maombi, AADSAS, hufunguliwa Mei na kuanza kupokelewa mwanzoni mwa Juni, kwa ajili ya kuingia mwaka unaofuata. Shule za umma za Texas zina mfumo wao. Ofa hutoka kuanzia Desemba, na shule nyingi husoma faili kadiri zinavyowasili. Mimi niliamua Agosti, sina DAT, sina barua ya daktari wa meno, sina saa za kutosha kliniki. Shule nyingi hupenda kuona kama 100. Ningetuma Novemba ningetupa pesa tu. Nikangoja Juni iliyofuata, na mwaka wa katikati nikafanya kazi ya msaidizi kliniki, ambayo katika majimbo mengi unafundishwa palepale. Mwaka mzima nilishika mpira wa kufyonza mate. Hakuna aliyeniuliza kwenye usaili mbona nilikaa mwaka.

“Meno ni nafuu, maana unamaliza mapema”

Nusu ya kwanza si kweli kabisa. Ni kweli kwamba majimbo mengi hukuruhusu kufanya kazi baada ya miaka minne bila mafunzo ya ziada (New York na Delaware hazikuruhusu), wakati daktari wa binadamu huongeza mitatu hadi saba. Lakini ada ni kubwa mno, na vifaa mara nyingi unanunua mwenyewe. Wahitimu wa meno wenye madeni hudaiwa kwa wastani karibu dola 300,000. Wa udaktari ni kama 200,000.

Na sheria imebadilika. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026, mkopo wa serikali uliokuwa ukifidia gharama yote haupo tena. Kikomo ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, ilhali zipo shule binafsi ambazo ada na maisha hupita dola 100,000 kwa mwaka. Aliyeko kwa viza ya mwanafunzi hapati mkopo huo kabisa. Kwa hiyo anza na shule ya umma ya jimbo lako, na ukae na wazazi mezani na kalamu kabla hujalipia fomu hata moja.

“Basi akasome meno nyumbani, kisha arudi huku”

Wazazi hupenda wazo hili kwa sababu ya ada, na kwa anayetaka kuishi na kufanya kazi Afrika Mashariki ni njia nzuri kabisa. Ila anayetaka kurudi Marekani ajue: daktari wa binadamu aliyesoma nje anaweza kufanya mitihani na kuomba mafunzo ya hospitali. Wa meno, kwa kawaida, hurudishwa darasani kwa miaka miwili au mitatu kusomea upya shahada ya hapa, kwa ada kamili, na nafasi hizo ni chache.