Eksirei imetoka safi, mbona goti bado linacheza?

Kisa hiki ni cha kila wiki. Kijana yuko kwenye ndondo, mguu umekita chini, mwili unageuka kufuata mpira. Anasikia "pwa!" ndani ya goti. Hakuna aliyemgusa. Kabla hajafika nyumbani goti limeshajaa. Kesho yake anapigwa eksirei, anaambiwa mfupa mzima, anapewa dawa za maumivu. Miezi miwili baadaye anashuka ngazi, goti linamtoroka.

Kwani kano iliyokatika haionekani kwenye eksirei?

Yenyewe haionekani. Mfupa una madini yanayozuia mionzi, ndiyo maana hutoka mweupe. Kano, wengine huziita ligamenti, ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa, na mionzi huzipita karibu sawa na inavyopita msuli. Vyote hutoka kijivu kimoja. Kwa hiyo "mfupa mzima" ni jibu la kweli, ila ni jibu la swali la mfupa.

Basi daktari anatafuta nini kwenye picha hiyo?

Anatafuta nyayo. Kano ikivutwa kwa nguvu, mara nyingine hung'oka na kijipande cha mfupa, na kijipande hicho kinaonekana.

Maarufu kuliko vyote kiko upande wa nje wa muundi, yaani mfupa mkubwa wa chini ya goti, chini kidogo tu ya kiungo. Kwenye picha iliyopigwa kwa mbele huonekana kama ukucha uliokatwa, mwembamba, umesimama kando ya mfupa. Ukiangalia haraka utadhani ni doa la filamu. Lakini wengi mno wenye alama hiyo hukutwa kano ya msalaba ya mbele, ile ACL inayotajwa kwenye habari za michezo, imekatika. Inaitwa mvunjiko wa Segond, kwa jina la mpasuaji Mfaransa Paul Segond, aliyeieleza mwaka 1879 baada ya kupinda magoti ya maiti kwa nguvu aone nini kitang'oka. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895, kwa hiyo alama hii ilijulikana miaka 16 kabla ya kuwepo picha ya kuionyesha.

Kijipande kikiwa kimetoka kwenye ncha ya mfupa mwembamba wa nje, ule wa pembeni ya muundi, shaka inahamia kwenye kano za kona ya nyuma na nje. Hizo husahaulika kirahisi, na zikiachwa goti halitulii hata ACL ikitengenezwa vizuri.

Kwa watoto tazama katikati ya goti. Mfupa wao bado laini kuliko kano, hivyo badala ya ACL kukatika, mara nyingi hung'oka kilima kidogo cha muundi ambako kano imejishikiza.

Na uvimbe, unaonekana?

Ndiyo, kwenye picha ya ubavuni. Juu ya pia ya goti kuna mfuko, nao ukijaa maji au damu hutokea kivuli cha kijivu kilichotuna. Mgonjwa akipigwa picha amelala, mionzi ikipita kwa ubavu, unaweza kuona mstari ulionyooka: mafuta yanaelea juu ya damu kama yanavyoelea juu ya mchuzi. Mafuta hayo yametoka ndani ya mfupa. Hapo kuna ufa unaoingia kwenye kiungo, hata kama hujauona.

Saa nayo inasema kitu. Goti lililovimba ndani ya saa moja au mbili kwa kawaida limejaa damu. Lililovimba usiku kucha, polepole, mara nyingi ni maji.

Wakati gani nisisubiri?

Goti likitoka mahali pake, au unyayo ukiwa baridi, mweupe au umekufa ganzi, nenda hospitali sasa hivi, hata kama goti limejirudi lenyewe. Nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa wa damu, na ukijeruhiwa mguu unaweza kupotea kwa saa chache tu. Na tafadhali, mchua viungo asilivute goti lililojaa damu. Barafu kwenye kitambaa, mguu juu ya mto, magongo, basi.

Kwa nini nimeambiwa nirudi baada ya wiki moja au mbili?

Kwa sababu siku ya kwanza goti linauma na misuli imejikaza, kulipima kwa mkono ni shida. Uvimbe ukipungua, daktari atalikunja kidogo, nyuzi 20 hadi 30, ashike paja kwa mkono mmoja na kwa mwingine auvute muundi mbele. Kano nzima hukoma ghafla, kama kamba ya ng'ombe iliyofika mwisho. Iliyokatika, muundi unakuja tu. Akikuta hivyo ndipo gharama ya MRI, picha ya sumaku inayoonyesha kano zenyewe, inapokuwa na maana. Siku hiyo usiiache ile bahasha ya eksirei nyumbani. Ataitazama tena, na safari hii anajua aangalie wapi.