Mteja Aliyeishia Mlangoni

Wiki chache zilizopita nilikuwa karibu na Soko la Mgandini, jijini Tanga, futi kamba mkononi, nikipima upana wa njia ya waenda kwa miguu. Bibi mmoja mwenye mkongojo alisimama mbele ya duka la kanga. Akaitazama ngazi, kisha akamwita kijana wa dukani.

"Shikamoo bibi, karibu ndani, kuna mzigo mpya."

"Marahaba mwanangu. Ndani sipandi, niletee hapa hapa."

Kijana akatoka na doti mbili. Bibi akachagua moja, akalipa, akaenda zake. Mule ndani zilitundikwa doti zisizopungua arobaini. Nikaipima ile ngazi: sentimita 23.

Tunapozungumzia kuboresha mtaa wa biashara, maneno hukimbilia taa, rangi na vitofali vya kupendeza. Mimi, kwa kazi yangu ya mipango miji, naanzia kwenye ngazi hiyo. Asiyeweza kuingia dukani hanunui anachokitaka, hununua anacholetewa. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na mfuko wa sembe mkononi, mjamzito, mtu wa kiti mwendo, mchukuzi anayeshusha mzigo, wote wanaikuta ngazi ile ile.

Mwenye duka hakuijenga kwa roho mbaya. Masika ikikolea, mtaro uliojaa mchanga na chupa za plastiki hutapika, barabara hugeuka mto, na aliyeinua sakafu yake ndiye anayelala usingizi. Kwa hiyo huwezi kushughulikia ngazi ukaacha mtaro. Nawaomba wafanyabiashara wa mji huu: taka za asubuhi zisifagiliwe mtaroni. Nimeona zikifagiliwa humo na watu wale wale ambao Aprili hupanga magunia ya mchanga mlangoni.

Sasa mteremko. Kipimo tunachotumia kwa kiti mwendo ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 23 inahitaji mteremko wa sentimita 276, karibu meta 2 na robo tatu. Ukiuelekeza barabarani unaziba njia yote. Ndiyo maana mafundi humwaga kipande kifupi cha zege, kikali kama paa, ambacho mtu wa kiti mwendo hakipandi mpaka asukumwe, na mvua ikinyesha hata mwenye miguu mizima anateleza. Heri kuulaza mteremko sambamba na ukuta, upana wake usipungue sentimita 120, na maduka mawili jirani yatumie mmoja. Kabla zege halijakauka, fundi apitishe ufagio mgumu juu yake ili ibaki mistari ya kukamata magurudumu na viatu.

Lakini nafasi nzuri kuliko zote huja pale barabara inapojengwa upya. Mkandarasi akiinua njia ya waenda kwa miguu ikakaribia usawa wa sakafu za maduka, ikiwa na mwinamo mdogo wa kurudisha maji mtaroni, ngazi hutoweka bila mtu kujenga mteremko wowote. Sharti ni moja: vimo vya sakafu vipimwe duka kwa duka kabla ya kumwaga zege. Barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na serikali ya mtaa ndiyo pa kuanzia kuuliza mchoro. Ulizeni mapema, maana zege likishakauka mtaishi nalo.

Tanga ni mji wa baiskeli, na mchoro ulionakiliwa kutoka mji mwingine husahau hilo. Mifuniko ya mtaro ambayo nondo zake zimelazwa kufuata mwelekeo wa barabara humeza tairi la baiskeli, na gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo pia. Nondo zinapaswa kukatiza njia. Tena, nafasi ya gari moja lililoegeshwa hutosha baiskeli nane. Mara nyingi gari lenyewe ni la mwenye duka, limekaa hapo tangu asubuhi hadi magharibi, na mteja wake anazunguka akitafuta pa kusimama.

Kuhusu wamachinga, sikubaliani na wanaotaka wafukuzwe wote ili mtaa upendeze. Meza ya matunda huleta watu, na watu hao ndio wanaoingia madukani. Tatizo ni mpangilio. Meza, miti, nguzo za taa na baiskeli vikae upande wa barabara. Katikati ibaki njia nyoofu ya meta 1.8, inayotosha viti mwendo viwili kupishana. Maduka nayo yasimwage ndoo na magodoro nje. Mtu asiyeona hufuata ukuta au ukingo kwa fimbo nyeupe, na fimbo hugusa vya chini tu. Ncha ya bati la kibanda iliyo usawa wa paji la uso haiigusi. Atakuja kuijua kwa kichwa. Chochote kinachoning'inia juu ya njia kiwe zaidi ya meta 2.1 kutoka chini.

Kivuli sina haja ya kukieleza sana kwa mtu wa Pwani. Mwarobaini mmoja na baraza la kukalia chini yake humpa mzee pa kupumzikia kati ya duka na duka.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayohudumia umma yafikike. Msingoje mkaguzi. Pimeni vizingiti vya safu yenu nzima, andikeni namba kwenye karatasi moja, mpelekeeni mwenyekiti wa mtaa.

Yule mwenye duka la kanga nilimwonyesha futi kamba yangu. Jirani yake ni duka la dawa, lenye ngazi ya kimo hicho hicho. Walisimama wakiutazama ukuta unaowaunganisha, wakahesabu mifuko ya saruji kwa vidole, kisha wakaniuliza mteremko uanzie upande gani.